Uwanja wetu wa Likoni: shajara ya matengenezo

Klabu yetu ni ndogo. Tunacheza ligi ya kaunti ya Mombasa, mdhamini hatuna, na mali pekee tunayoweza kumwonyesha mgeni ni kiwanja. Mwaka huu kamati ilikata shauri: jezi mpya zingoje, posho za vikao zingoje, kila shilingi iingie ardhini. Shajara hii naiweka nikiwa katibu, kwa ajili ya wanachama wanaochanga kutoka hapa na kutoka Arabuni wapate kujua pesa yao imekwenda wapi, na kwa ajili ya timu nyingine za mtaani zenye kiwanja cha mchanga kama chetu.

Januari

Kaskazi inavuma na vumbi halitulii. Kutoka duara la kati hadi mbele ya magoli yote mawili ni mchanga mtupu. Ukoka umebaki pembezoni, hasa kwenye kona ambako miguu haifiki sana. Upande wa juu umetamalakiwa na ndago, na nyuma ya goli la chini zimeota mbigili. Watoto wetu wengi huanza mpira peku, kwa hiyo mbigili ndizo adui wa kwanza tuliozing'oa, na tulizing'oa kabla hazijapukutisha mbegu.

Kuna pia njia ya miguu inayokata uwanja mshazari, kona hadi kona. Ni njia ya watu wanaowahi matatu za kwenda feri asubuhi. Imeshindiliwa hata jembe linaruka.

Tumepima upya. Kwa miaka mistari ilikuwa ikichorwa juu ya alama za zamani, na kila mchoraji akiisogeza kidogo. Tulipovuta futikamba kutoka kona moja hadi ya pili tukakuta mishazari miwili hailingani, maana yake uwanja ulikuwa umelala upande. Sheria za mchezo zinaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, basi tukachagua 100 kwa 64, tubakishe nafasi ya watu kusimama bila kukanyaga mstari. Kona tumezinyoosha kwa kamba ya mafundi wa nyumba: mita 3 upande huu, 4 upande ule, na kati ya ncha hizo mbili lazima iwe 5 kamili. Halafu tukahakikisha kwa mishazari: kwa uwanja wa 100 kwa 64, kila mshazari uwe mita 118.73. Vigingi vya chuma tumevizika chini kabisa ya udongo kwenye kona zote nne, mtu asijikwae na asije akavihamisha.

Februari

Mwezi huu tumebishana sana, na ubishi ulikuwa wa maana. Wengi kwenye kamati walitaka tununue majani mara moja. Mzee mmoja wa mtaa, aliyefanya kazi ya ujenzi wa barabara maisha yake yote, alisimama akasema: "Majani ni neema ya mwisho. Nionyesheni kwanza maji yanakwenda wapi."

Tulichukua mpira wa maji, ule wa plastiki unaopitisha mwanga ambao mafundi hutumia kusawazisha msingi, tukapima uwanja kuanzia mstari wa juu hadi mstari wa upande wa bahari. Tuligundua kwamba ardhi yetu ina mteremko wake wa asili kuelekea bahari, na mteremko huo unatosha. Tatizo ni kuwa katikati pamebonyea, na kando ya mstari wa chini kumeinuka tuta refu la mchanga. Ukitazama kwa macho huoni kitu, ila maji ya masika yanaliona. Yanateremka, yanagonga tuta, yanarudi katikati, na mechi inaahirishwa.

Sababu yake mzee alitueleza na naiandika hapa kwa sababu viwanja vingi vya pwani vina ugonjwa huu. Katikati majani yakifa, mchanga unabaki wazi. Upepo na viatu vinaubeba hadi pembezoni. Pembezoni kuna ukoka, na ukoka unaushika mchanga, unaota juu yake, unaushika tena. Kila mwaka kati panashuka na kando inapanda. Kumwaga majani mapya juu ya umbo hilo ni kuzika pesa.

Kulikuwa na pendekezo la kujenga mgongo katikati, uwanja uteremke pande zote mbili kama viwanja vikubwa. Tulipiga hesabu. Mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, juu ya nusu ya upana wetu ambayo ni mita 32, unataka mgongo wa sentimita 32. Kwa eneo la mita za mraba 6,400 hiyo ni zaidi ya mita 1,000 za ujazo za udongo. Malori mangapi hayo! Tuliacha. Badala yake tulikodi trekta lenye bamba, likalikata lile tuta na kuurudisha mchanga wake katikati ulikotoka. Udongo haukununuliwa hata toroli moja. Baada ya trekta vijana walimalizia kwa reki na ubao mrefu uliofungwa kamba, wakiuburuta huku na huku.

Jambo moja la kuwatahadharisha wenzetu: tulipewa kifusi cha bure kutoka kwenye jengo linalobomolewa, tukakikataa. Kifusi kina vigae, vioo na misumari. Hata ukikifunika kwa mchanga, mvua itavileta juu siku moja, na atakayeangukia hapo ni mtoto wa mtu.

Machi

Ramadhani. Kazi nzito mchana tumesimamisha, tukashughulikia magoli.

Mwamba wa juu ulikuwa umelegea katikati. Kipimo cha goli ni mita 7.32 kati ya mlingoti na mlingoti, na mita 2.44 kutoka chini hadi mwamba. Letu lilikuwa sawa kwenye milingoti, lakini katikati lilishuka hata kipa mrefu akiruka anagonga kichwa. Kilichotutia hofu zaidi ni chini ya milingoti. Chumvi ya hewa ya bahari ilikuwa imekula chuma pale pale kinapoingia ardhini, na rangi ya juu ilificha kila kitu. Fundi wa vyuma alipokwangua, bisibisi ilipenya. Goli la namna hiyo likiwaangukia watoto wanaoning'inia, ni msiba.

Milingoti mipya imesimamishwa ndani ya zege, na zege tumeliinua kidogo juu ya ardhi na kulichonga liteleze, maji yasikae shingoni mwa chuma. Naomba kila klabu ya pwani ikague mahali hapo hapo, wiki hii kama inawezekana.

Nyavu ametushonea mvuvi wa Mtongwe. Alikuja baada ya futari na fungu la uzi wa nailoni na sindano yake ya mti, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Macho yake hayakuangalia vidole vilichokuwa vikifanya. Uzi unazunguka kibao kidogo cha kupimia, unapita ndani ya tundu la juu, unabanwa kwa kidole gumba, fundo, tundu jingine. Kila tundu limetoka sawa na mwenzake. Alipouona wavu wa zamani, tulivyokuwa tumeuvuta na kuufunga nyuma, alitikisa kichwa.

"Huu nani kaukaza hivi, mwanangu?"

"Ni sisi, ami. Tulitaka upendeze."

"Wavu ukikazwa unarudisha. Mpira utaingia, utadunda, utatoka, na refa aliye mbali atasema haukuingia. Uache ulegee nyuma, umeze."

Tumeulegeza. Kulabu za chuma pia tumeziondoa kwenye milingoti, kwa sababu huchana vidole vya makipa. Sasa wavu unafungwa kwa kamba tupu.

Aprili

Sala ya Idi ilisaliwa hapa uwanjani, mikeka ikatandikwa hadi nyuma ya goli la juu, na waumini wengi waliona kwa mara ya kwanza ardhi ilivyonyooka. Michango ya siku hiyo ndiyo iliyolipa deni la trekta. Alhamdulillahi.

Masika yalipoanza kushika tukaanza kupanda. Tumepanda ukoka huu huu wa kwetu. Hauogopi jua, hustahimili chumvi kiasi, hutambaa wenyewe, na ukikanyagwa hurudi. Tumeuchimba pembezoni na kando za njia, tukaukatakata vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, tukavifunika kwa magunia mabichi visikauke. Mistari ya kupandia iliachana kama sentimita 30. Kifundo kimoja kinaingia ardhini, kingine kinabaki juu, halafu unakanyaga kwa kisigino. Walipanda wachezaji, walipanda kina mama wanaouza viazi karai siku za mechi, walipanda wasichana wa timu yetu ya wanawake ambao kwa kweli walitangulia wanaume kwa safu nyingi, walipanda watoto wa madrasa baada ya Alasiri.

Kwa nini tulingoja mvua? Hesabu ni hii. Milimita moja tu ya maji juu ya uwanja wetu ni lita 6,400. Majani machanga yakitaka milimita tano kwa siku, hizo ni lita 32,000, yaani mitungi 1,600 ya lita 20. Maji ya mfereji huku kwetu yanakuja kwa zamu, ya kisima yana chumvichumvi, na boza la lita 10,000 lisingefikisha hata theluthi ya hitaji la siku moja. Hakuna klabu ya ligi ya kaunti inayoweza kununua mvua. Inayoweza ni kuwa tayari mvua ikija: ardhi imesawazishwa, vipandikizi vimeshakatwa, watu wamepangwa. Ukichelewa hadi mwisho wa Mei umepoteza mwaka.

Mei

Mvua kubwa. Maji yamepita! Yaliteremka juu ya uwanja, yakavuka mstari wa bahari pale lilipokuwa tuta, yakaenda zake. Dimbwi moja dogo lilibaki mbele ya goli la chini, na tumeliwekea alama.

Mechi zetu za nyumbani tumekuwa tukichezea ng'ambo, kisiwani, kwenye uwanja wa kuazima. Feri kwa mtu wa miguu haina nauli, lakini ina foleni, na mzee mwenye magoti mabovu hawezi kuisimamia ili aende kutazama ligi ya kaunti. Tulicheza tukiwa wageni kwenye mechi zilizoandikwa zetu. Wale kina mama wa viazi karai, mabuyu na achari walikosa soko lao la wikendi. Watoto walikuwa hawamwoni tena golikipa wao akicheza. Klabu ndogo ikikaa mbali na mtaa wake muda mrefu inakufa taratibu bila tangazo, na hilo nimelifikiria sana mwezi huu. Mombasa hii ndiyo iliyotoa klabu ya Feisal, mabingwa wa ligi ya taifa mwaka 1965. Klabu ya Bandari waliolitwaa Kombe la Rais wa shirikisho la soka mwaka 2015 na tena 2019 wana uwanja wao wa Mbaraki. Sisi tulio chini tuna viwanja vya wazi vya mitaa tu, na mchezaji yeyote atakayefika huko juu atakuwa amepita kwenye mchanga kama huu.

Mbuzi. Ukoka mchanga ni utamu wa mbuzi. Lilitolewa wazo la kuzungushia minyaa, nami nikalipinga, kwa sababu utomvu wake unaunguza macho na mpira utaingia humo kila siku. Tumeweka nguzo na seng'enge, na kandokando tumeotesha mikilifi kwa ajili ya kivuli cha miaka ijayo. Wenye mbuzi tuliwaendea nyumbani, mmoja mmoja, kwa salamu na heshima. Wamekubali kuwafunga hadi Julai.

Walikuja pia watu wa mkutano mmoja wa hadhara wakitaka kuingiza lori la jukwaa katikati ya uwanja uliolowa. Tuliwakatalia kwa upole na kuwaonyesha eneo la changarawe kando ya barabara. Gurudumu moja la lori kwenye udongo mbichi linaacha mfereji ambao reki haiutoi.

Juni na Julai

Ni miezi ya kungoja. Ukoka umefumana sehemu kubwa, isipokuwa mbele ya magoli.

Ile njia ya miguu ilitusumbua kuliko mbuzi. Mwanzoni yalikuwepo mawazo ya kuweka mlinzi. Lakini mtu anayewahi kazi hakati uwanja kwa ubaya, anakata kwa sababu ni karibu. Basi tuliuhamisha upenyo wa seng'enge ukawa karibu na stendi ya matatu, tukamwaga changarawe nje ya mstari wa pembeni, na sasa njia ya kuzunguka haimzidishii mtu hatua nyingi. Wiki ile ile watu walihama. Ile njia ya zamani tuliivunja kwa sululu, tukaichanganya na samadi, tukaipanda. Bado inaonekana kwa rangi yake, kijani kibichi kuliko kwingine.

Ndago inahitaji subira. Ukiivuta kwa mkono unang'oa majani, na viazi vyake vinabaki chini vikiungana kama shanga, kila kimoja tayari kuota. Inachimbwa kwa jembe dogo, udongo unachekechwa, viazi vinatupwa mbali. Kina dada wawili wa timu ya wanawake wamelichukua jukumu hili na wamefika nusu ya upande wa juu.

Kufyeka: tulingoja majani yafike kama sentimita 6 ndipo tukapitisha fyekeo, tukiondoa theluthi tu. Ukikata hadi chini majani machanga yanageuka manjano na jua linaifikia mizizi. Samadi ni ya mbuzi wale wale, iliyooza vizuri. Samadi mbichi huja na mbegu za magugu.

Mchanga wa kujazia juu tulinunua kwa ajili ya maeneo ya magoli na lile dimbwi peke yake. Uwanja mzima kwa sentimita moja ungetaka mita 64 za ujazo, na mfuko wetu hauna nguvu hiyo.

Agosti

Mistari. Chokaa tumeiacha kabisa. Chokaa hai huunguza ngozi, na hata iliyozimwa ni hatari machoni, na mchezaji huanguka juu ya mstari uso ukiwa chini. Tunatumia rangi nyeupe ya maji, ya ukutani, iliyozimuliwa. Sheria inataka mistari yote iwe na upana mmoja usiozidi sentimita 12. Duara la kati ni kigingi na kamba ya mita 9.15. Kamba hiyo hiyo ukiizungushia kwenye alama ya penalti, mita 11 kutoka mstari wa goli, unapata ule upinde ulio nje ya boksi. Boksi kubwa lote lina upana wa mita 40.32 na dogo 18.32. Nimeziandika namba hizi kwenye ukuta wa stoo, anayechora asikisie.

Tumerudi nyumbani. Usiku wa kuamkia mechi kulinyesha manyunyu ya kusi, na asubuhi kamati yote ilikuwa imeshafika uwanjani kabla ya mtu kuitwa. Ardhi ilikuwa na unyevu, si tope. Kufikia saa tisa alasiri mpira ulikuwa ukiserereka vizuri juu ya majani, na pasi ya chini ilifika ilikotumwa. Wachezaji wetu wamezoea kuinua mpira kwa kuogopa mashimo. Kocha alipaza sauti kipindi kizima, "Chini! Chini, uwanja unaruhusu!" Tulitoka sare, na mtaa mzima ulikuwa umejipanga pembeni, wazee kwenye viti, kina mama na karai zao. Sikumbuki sare iliyonifurahisha kama ile.

Kuanzia sasa kuna ratiba ya matumizi. Mazoezi ya timu kubwa ni nusu moja ya uwanja wiki hii, nusu nyingine wiki ijayo. Watoto wadogo wana magoli yao madogo kwa upana, nje ya maeneo ya magoli makubwa. Siku ya baada ya mvua kubwa hakuna anayeingia, hata kocha. Yapo manung'uniko. Ukoka unavumilia kukanyagwa, ila haustahimili kukanyagwa mahali pamoja kila siku.

Septemba

Jambo kubwa lililobaki si la majani. Uwanja huu umetumika na mtaa kwa miaka mingi, lakini tulipotafuta bikoni za mpaka tulizipata upande mmoja tu. Ardhi ya wazi isiyo na mipaka inayoonekana, Mombasa hii, humezwa ukuta mmoja baada ya mwingine. Katiba ya 2010, ibara ya 62, inaweka ardhi ya umma ya aina hii chini ya serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi wake. Kwa hiyo tumeandika barua kuomba mpimaji wa serikali, mipaka irudishwe, na eneo lisajiliwe rasmi kuwa uwanja wa michezo. Barua imesainiwa na klabu, wazee wa mtaa, msikiti, kanisa na shule ya jirani, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa iko kwangu. Mwanachama anayetaka kuiona aje.

Kabla ya vuli kuna mtaro wa kuchimba upande wa bahari, maji yanayotoka uwanjani yasiingie kwenye uga wa jirani zetu wawili waliolalamika, na wana haki. Mtaro utakuwa wa kina cha magoti, utajazwa kokoto, na utaelekezwa kwenye mfereji wa barabara. Kazi ni Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijakali. Mabeleshi tunayo manne, sululu mbili. Mwenye toroli aje nalo. Uji utapikwa hapo hapo. Jumapili kuna mechi saa tisa, na timu ya wanawake wanacheza kabla yake saa saba na nusu, basi njooni mapema.